UV kwenye tangi la matumbawe nyumbani, inalipa au hailipi? Maswali ninayoulizwa kila siku

Dodoma tunaofuga samaki wa maji chumvi ni wachache, bahari iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara kutoka hapa, kwahiyo kila anayeanza anaishia kuja kukaa mbele ya tangi langu pale Kisasa na baada ya dakika kumi swali ni lile lile, hilo bomba jeusi linalotoa mwanga wa bluu chini ya kabati ni la nini na mimi ninunue? Tangi ni la lita 300, ndani kuna matumbawe laini na magumu machache, klaunfishi wawili, kamba mmoja na konokono. Hilo bomba ndo UV yenyewe, kifaa cha kusafisha maji kwa mionzi. Nimeamua majibu yote niyaweke hapa, ukiwa na swali anza kusoma kabla hujanipigia.

Kwa kifupi, inalipa?

Inalipa kama shida yako inaelea kwenye maji. Kama shida imekaa kwenye jiwe, kwenye mchanga au kwenye ngozi ya samaki basi UV haiifikii hata ukinunua ya bei gani. Hilo ndo jambo la kushika kabla ya yote, mengine yote huku chini yanatokana na hapo.

Inafanyaje kazi hasa?

Ndani ya lile bomba kuna balbu ya zebaki inayotoa mionzi ya UV-C, urefu wa wimbi ni nanomita 254 hivi. Balbu imevalishwa kioo cha kwatsi kwasababu kioo cha kawaida kinaizuia mionzi hiyo, maji yanapita pembeni ya kile kioo, na kiumbe chochote kidogo kilichomo kwenye maji kikipigwa vya kutosha DNA yake inaharibika inashindwa kuzaliana tena. Sio kitu cha juzi, mji wa Marseille kule Ufaransa walisafisha maji ya kunywa kwa njia hii mwaka 1910.

Angalia neno "vya kutosha". Kipimo kinategemea nguvu ya balbu na muda maji yanaokaa karibu nayo. Maji yakipita mbio kimelea kinatoka upande wa pili mzima mzima, kimeota jua tu.

Inatibu ugonjwa wa madoa meupe?

Haitibu. Naomba hapa usome taratibu maana ndipo watu wengi wanapopoteza samaki, na mimi nimepoteza.

Kimelea chenyewe kinaitwa Cryptocaryon irritans. Kinakaa ndani ya ngozi ya samaki siku tatu mpaka saba hivi, hapo ndo unaona zile chembe nyeupe kama chumvi ya mezani imemwagika juu ya samaki. Alafu kinadondoka, kinajigandisha kwenye jiwe au mchanga, kinajifungia na kuanza kugawanyika, kimoja kinaweza kutoa watoto mpaka mia mbili. Watoto wanatoka baada ya siku chache au wiki kadhaa, wengine wamechukua zaidi ya miezi miwili, wanaogelea kutafuta samaki, na wana siku moja au mbili tu, wasipompata wanakufa.

Sasa hesabu mwenyewe, katika maisha yote hayo ni pale wanapoogelea tu ndo UV inaweza kuwapata. Aliye kwenye ngozi yuko salama, aliye kwenye jiwe yuko salama. Na hata anayeogelea lazima avutwe na pampu apite kwenye bomba kabla hajampata samaki, na samaki wenyewe usiku wanalala palepale karibu na mawe alikotokea.

Mwaka juzi niliagiza samaki mmoja aina ya kangaja kutoka Dar, akaja na treni ya SGR kwenye boksi la foamu, mfuko umejazwa oksijeni vizuri, amefika ana rangi safi na anakula siku hiyo hiyo. Karantini sikumuweka, nilijiambia UV inawaka saa 24 nina wasiwasi gani. Siku ya nne asubuhi nawasha taa naona mapezi ya pembeni yana chembe tano sita, jioni yake yuko anajikwaruza kwenye jiwe, baada ya wiki mbili nilikuwa nimezika samaki watatu kati ya watano. UV ilikuwa inawaka muda wote huo. Waliobaki nikawahamishia kwenye beseni kubwa la plastiki nikawatibu na dawa ya shaba siku 30, tangi kubwa likakaa bila samaki siku 76 mpaka vimelea vikaisha kwa kukosa wa kumla. Hiyo ndo tiba. Na shaba usithubutu kuitia kwenye tangi lenye matumbawe, utaua kila kitu kisicho na uti wa mgongo.

Kwahiyo haina kazi kabisa kwenye madoa? Ina kazi ndogo, ukiifunga vizuri na maji yakapita polepole inapunguza idadi ya vimelea vinavyoogelea, na samaki mwenye kinga nzuri anaweza kumudu wale wachache waliobaki. Wapo wafugaji wanaoishi hivyo miaka. Mimi baada ya yale sitegemei hiyo.

Maji yangu yamekuwa ya kijani, au meupe kama maziwa. UV itasaidia?

Hapa nunua bila kuwaza mara mbili. Maji ya kijani ni mwani mdogo unaoelea, na yale meupe mara nyingi ni bakteria waliozaliana kwa fujo baada ya chakula kuzidi au kitu kufia ndani, wote wanaelea, wote wanapita kwenye bomba. Rafiki yangu wa Ilazo tangi lake lilikuwa huoni ukuta wa nyuma, tukafunga UV jioni, siku ya tatu unahesabu mawe. Ila mwani ukifa chakula chake kinabaki kwenye maji, kwahiyo badilisha maji kidogo na upunguze kulisha la sivyo ukizima tu inarudi.

Ule mwani wa nyuzi nyuzi ulioshika kwenye mawe, na yale mazulia mekundu yanayoteleza kwenye mchanga, UV haiyagusi. Huko ni kung'oa kwa mkono, konokono, na kushusha naitreti na fosfeti, yaani mbolea inayolisha mwani.

Nina ute wa kahawia wenye mapovu, wananiambia ni dino. Je?

Inategemea dino gani, na hili swali nalipenda sana kwasababu hapa kitu kimoja kinaamua pesa yako iende au isiende. Dino, yaani dinoflagelati, ni viumbe wadogo wa chembe moja na ni wa aina nyingi. Ostreopsis usiku taa zikizima anaachia mawe anapanda kwenye maji, kwahiyo UV inamkamata vizuri mno. Amphidinium kubwa kubwa yule wa kwenye mchanga hatoki, usiku kucha yupo mchangani, UV utaiwasha mwaka mzima na yeye yupo.

Utajuaje? Hadubini. Mimi nina ndugu anafundisha baiolojia sekondari, nilinyonya ute kidogo kwa bomba la sindano nikaupeleka kwenye chupa ndogo, tukaweka tone moja kwenye kioo. Ostreopsis anaonekana kama tone la maji au mbegu ya zabibu, ncha moja kali, na anazunguka palepale kama mbuzi aliyefungwa kamba kwenye mti. Ukimuona hivyo huwezi kumsahau. Amphidinium ni wa duara refu kidogo, yeye anateleza anaenda zake.

Ukikuta ni Ostreopsis, vuta maji moja kwa moja kutoka tangi la juu wanakoishi upitishe kwenye UV na uyarudishe hapohapo, usitegemee yale machache yanayoshuka kwenye sampu, lile tangi la chini lenye pampu. Wafugaji wengi wanatumia wati moja kwa kila lita 11 hivi, ni nyingi kweli, lakini kwa hawa inahitajika. Na weka mkaa maalumu wa akwariamu kwasababu wakifa wanaachia sumu, konokono wako watakuwa wa kwanza kulala chali. Alafu pima naitreti na fosfeti, dino wanapenda tangi ambalo vyote viwili vimeshuka mpaka sifuri.

Haitaua bakteria wazuri?

Hapana. Wale wanaokula amonia wameshika kwenye mawe na mchanga, hawaelei. Tofauti ni ukimwaga bakteria wa chupa kwenye tangi jipya, hao kwa siku chache za mwanzo wanaelea, zima UV mpaka washike.

Ninunue ya wati ngapi na pampu iwe na spidi gani?

Watu wanauliza wati, wangeuliza spidi kwanza. Kwenye boksi au karatasi ya UV nzuri utakuta namba mbili za lita kwa saa, moja kubwa ya mwani na bakteria, nyingine ndogo ya vimelea. Wauzaji wengi wanakutajia ile kubwa tu. Kwa mwani na bakteria kipimo kinachotajwa ni kama milijuli 30 mpaka 40 kwa sentimita ya mraba, kwa vimelea wanaanzia 90, na kwa hawa wa madoa wapo wanaosema mpaka 280. Ukipunguza spidi ya maji nusu, kipimo kinakuwa mara mbili, kwahiyo kutoka 30 kufika 90 spidi inatakiwa ishuke mpaka theluthi. Ile yangu ya wati 25 wakati kangaja amekuja nilikuwa nimeifunga kwenye pampu kuu inayosukuma lita 2,500 kwa saa, kwa spidi ile hata bakteria nadhani walikuwa wanatoka wanacheka, vimelea ndo kabisa. Sasa hivi ina pampu yake peke yake, lita 600.

Kupima hauhitaji kifaa. Chukua ndoo ya lita 10, elekeza bomba la kutokea humo, washa saa ya simu. Ikijaa kwa dakika moja ni lita 600 kwa saa. Usiamini namba iliyoandikwa kwenye pampu, ile ni ya pampu isiyopandisha maji popote na bila kona hata moja, wewe una kona tatu na mita moja ya kupanda.

Na spidi ikishuka sana nayo ni tatizo, maana maji yaliyosafishwa yanarudi kuchanganyika na machafu, hayapangi foleni. Tangi la lita 300 na pampu ya lita 600, ukidhani baada ya nusu saa maji yote yamepita umekosea, kihesabu yaliyopita kweli ni kama asilimia 63, kwa saa moja 86, saa moja na nusu ndo unafika 95. Hapo katikati kimelea kina muda wa kutosha kumpata samaki. Ndomana kwa vimelea unahitaji balbu kubwa ili upate vyote, kipimo kikali na maji mengi yanayopita. Kwa tangi la lita 200 mpaka 300 mimi sishuki chini ya wati 25 kama lengo ni vimelea, kwa maji ya kijani tu hata wati 9 au 11 inatosha.

Inakula LUKU kiasi gani?

Wati 25 kwa saa 24 ni uniti 0.6, kwa mwezi 18. Kwa unit ya shilingi 357 hivi ninayonunua mimi ni kama 6,400 kwa mwezi, pampu yake ndogo ongeza kidogo. Huo sio mzigo. Mzigo ni balbu ya kila mwaka na usumbufu wa kuipata.

Kinachoua UV ni umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, ile balasti inayoendesha balbu haipendi. Weka kwenye stabilaiza. Na hakikisha UV na pampu yake ziko kwenye soketi moja ili zizime na kuwaka pamoja, balbu ikiwaka na maji yamesimama humo ndani inapata joto mpaka plastiki inaanza kulegea.

Hali ya hewa ya hapa ina shida yoyote?

Ipo, na haizungumzwi. Kuanzia Agosti mpaka Novemba hewa ya Dodoma ni kavu mno, maji yanapotea kwenye tangi kuliko huko pwani, na yanayopungua yanaonekana kwenye sampu. Ukisafiri siku tatu kwenda kusalimia wazee Kondoa hujajaza maji, chumba cha pampu kinashuka, pampu inavuta hewa, mapovu yanajaa kwenye bomba la UV, kipimo kinaharibika na balbu inachemka upande mmoja. Funga kifaa cha kujaza maji chenyewe au muachie mtu ndoo za maji ya RO (yaliyochujwa mpaka madini yakatoka) na umchoree mstari wa kujazia. Maji baridi lakini, sio ya chumvi, kinachopaa ni maji, chumvi inabaki.

Joto pia. Balbu inaongeza joto kidogo, Juni na Julai usiku wa baridi huwezi kulalamika, Oktoba tangi likiwa nyuzi 29 hiyo kidogo nayo unaihesabu. Mimi Oktoba naweka feni juu ya sampu.

Nabadilisha balbu lini? Bado inawaka.

Kuwaka sio kipimo. UV-C haionekani kwa macho, ule mwanga wa bluu ni mwanga mwingine unaotoka kwenye balbu hiyohiyo na unaendelea kuonekana hata nguvu ya kuua ikiwa imeshaisha. Balbu nyingi ni saa 8,000 au 9,000, yaani mwaka. Andika tarehe kwa maka peni juu ya bomba siku unayofunga.

Na usafishe kioo cha kwatsi kila miezi mitatu au minne. Mara ya kwanza nilipokitoa nilidhani nimeuziwa kioo cha rangi, kilikuwa na ganda jeupe la chokaa kama birika la chai la maji ya kisima, chini ya lile ganda kuna ute wa kahawia, mionzi ipite wapi. Kiloweke kwenye siki nusu saa, futa kwa kitambaa laini, suuza kwa maji ya RO. Usikwangue na kisu wala stili waya. Ile ringi ya mpira ipake mafuta ya silikoni kabla ya kurudisha, mimi nilishawahi kurudisha kavu ikavuja usiku kucha, asubuhi kabati limevimba.

Nimeona UV ya elfu 25 mtandaoni, ni nzima?

Kuwa makini sana. Duka moja waliniuzia kitu kinawaka zambarau nzuri, kukifungua ni taa za LED kama zile za kwenye sherehe, hakuna balbu, hakuna kwatsi. Hiyo haiui chochote. UV halisi ina bomba la kioo lenye pini, kuna balasti, na imeandikwa nanomita 253.7 au 254. UV-C za LED zipo za kweli lakini kwa bei hiyo hupati. Zile ndogo za kuzamisha zenye balbu halisi zinafanya kazi kwa maji ya kijani, shida yake ni plastiki kuliwa na mionzi, kila baada ya miezi miwili mitatu itoe uangalie nyufa.

Naifunga sehemu gani?

Baada ya sponji au soksi ya kuchuja, maji yakiwa na takataka yanatengeneza kivuli na kiumbe kinapita nyuma yake. Maji yaingie chini yatokee juu ili hewa isibaki ndani. Weka yunioni pande mbili na valvu, fundi bomba yeyote wa Majengo atakufungia, na mwambie asitumie chuma popote, chumvi itakila na kutu itaingia kwenye maji.

Wakati gani naizima?

Ukimwaga vijidudu vya chakula au maji ya mwani wa kulishia matumbawe, zima masaa machache. Ukiweka dawa yoyote kwenye maji zima mpaka dozi iishe, kuna dawa zinaharibika kwa mionzi na usijue samaki wako wanaogelea kwenye kitu gani.

Nina hela ya kitu kimoja tu, nianze na UV?

Usianze nayo. Anza na mashine ya RO, maji yetu ya visima ni magumu, ukipima kwa mita ya TDS inayoonyesha madini yaliyoyeyuka utaona mwenyewe, na kila ukijaza unaongeza chokaa na vitu vingine ambavyo matumbawe hayavitaki. Cha pili ni karantini, ambayo ni beseni la lita 60, hita, sponji yenye hewa na kipande cha bomba la PVC samaki ajifiche, hela yake ni ndogo kuliko UV na inaokoa samaki zaidi ya UV yoyote. Alafu skima, ile mashine ya kutoa uchafu kwa mapovu. UV inakuja ya nne kwangu, na kwa mwenye tangi dogo la klaunfishi wawili ambalo haongezi samaki wapya inaweza isije kabisa na asipungukiwe kitu.

Nikivunja matumbawe Bagamoyo mwenyewe nikayapitisha kwenye UV yatakuwa salama?

UV inasafisha maji yanayopita ndani yake, haisafishi tumbawe. Na naomba usivunje. Miamba yetu ilipata pigo kubwa la joto la mwaka 1998, ikapigwa baruti miaka na miaka, tawi la kiganja kimoja limechukua miaka kukua. Matumbawe magumu yote yapo kwenye kiambatisho cha pili cha CITES, hata kuyavusha mpaka kunahitaji kibali. Omba vipande kwa wanaofuga, langu la kijani limeshatoa vipande vinane, na hao wanaoomba sijawahi kuwadai hela.

Ni hatari kwa watu? Nina watoto.

Ikiwa imefungwa haina shida. Hatari ni kuwasha balbu ikiwa nje ya bomba ili "uone kama inafanya kazi". Usifanye hivyo hata sekunde, macho yataanza kuuma masaa kadhaa baadaye kama umemwagiwa mchanga, na ngozi inaungua. Chomoa waya ukutani kabla ya kufungua, sio kuzima swichi tu. Balbu ikivunjika fungua madirisha, toa watoto nje robo saa nzima, okota vipande kwa karatasi ngumu na futa na kitambaa kibichi, usitumie ufagio wala mashine ya kuvuta vumbi kwasababu zebaki itasambaa, weka kila kitu kwenye chupa yenye kifuniko. Ikivunjikia ndani ya bomba lenye maji, zima pampu kwanza, maji ya humo ndani yasirudi kwenye tangi.